Zamu ya Usiku

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotoka, nyumba nyingi za Arusha, kuanzia Sakina hadi Usa River, huingia kwenye mjadala uleule. Baba anautaka udaktari, mjomba anataja uhasibu, shangazi mwenye duka la vinyago anashauri utalii kwa kuwa ameiona pesa ya wageni kwa macho yake. Mtoto aliyefaulu fizikia na hisabati husikiliza tu. Kisha jioni moja anasema amejaza fomu ya Chuo cha Bahari Dar es Salaam, anataka kusomea uhandisi wa mitambo ya meli. Hapo ndipo bibi anapoweka kikombe chini na kuuliza: "Mjukuu wangu, wewe umezaliwa Tengeru. Maji makubwa uliyowahi kuyaona ni ya Duluti. Meli umejuana nayo wapi?"

Swali hilo ni la haki, na linastahili kujibiwa bila haraka. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na lile ziwa dogo la kreta lililozungukwa na msitu limekuwa bahari ya watoto wengi wa Meru kabla hawajaona nyingine. Jiji letu limekaa mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na bandari ya Tanga iko zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Kwetu mtu akisema anakwenda kutafuta maisha, huwa ana maana ya Dar es Salaam, Nairobi au machimbo ya Mirerani. Kazi ya baharini tumeiona siku zote kuwa urithi wa watu wa pwani, wa Pemba, Unguja, Pangani na Kilwa, ambao babu zao walisoma nyota na pepo kabla injini hazijajulikana. Mtoto wa mgombani ana nini cha kupeleka huko?

Kwanza kuna jambo ambalo tumelizoea mno kiasi kwamba hatulioni tena. Arusha haina gati, lakini inaishi kwa meli. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia na ikafika hapa mwaka 1929, na tangu wakati huo kahawa ya miteremko ya Meru imekuwa ikishuka kwenda kupakiwa melini, huku vyuma, nguo na mashine vikipanda. Leo dizeli ya matrekta ya Karatu, mbolea ya mashamba ya Ngaramtoni, magari ya kubeba watalii na vipuri vyake, hata vifaa vya hospitali zetu, vingi vimevuka bahari ndani ya chombo ambacho hakuna hata mmoja wetu anayejua jina lake. Duniani kote zaidi ya asilimia 80 ya biashara ya bidhaa kati ya nchi na nchi, kwa ujazo, hupita majini. Chini ya sitaha za meli hizo kuna watu wanaohakikisha kwamba injini haisimami. Hatuwajui, nao hawatujui.

Chumba cha injini cha meli kubwa ya mizigo ni mahali pasipofanana na picha ya bahari tunayoiona kwenye kalenda. Hakuna dirisha. Joto hupita nyuzi 40, na kelele ni kubwa kiasi kwamba watu huvaa vizibo vya masikio na kuelewana kwa ishara. Injini kuu ina kimo cha jengo la ghorofa kadhaa, nayo huzunguka polepole, mara 100 hivi kwa dakika au chini ya hapo, ikiwa imeunganishwa moja kwa moja na mhimili unaozungusha rafadha. Kuizunguka kuna jenereta, boila, kompresa za hewa, pampu za maji ya kupozea, mitambo ya kusafisha mafuta na mtambo wa kugeuza maji ya chumvi kuwa maji ya kunywa. Kwa desturi ya siku nyingi, siku ya meli hugawanywa kwa saa nne nne: mhandisi hushika zamu saa nne, hupumzika nane, kisha hurudi. Zamu nzito kuliko zote ni ya kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Meli nyingi za kisasa huacha chumba cha injini bila mtu usiku, lakini hata humo kengele ya hatari hulia kando ya kitanda cha mhandisi wa zamu, na ni yeye anayeamka na kushuka ngazi.

Tumtazame huyo wa saa nane za usiku. Ana tochi mkononi na kitambaa mfukoni. Anapita mashine moja baada ya nyingine. Anagusa beringi kwa mgongo wa kiganja kupima joto lake, anainama kuangalia kama kuna tone la mafuta chini ya bomba, ananusa, anasoma geji, kisha anaandika namba kwenye kitabu cha zamu. Wenzake wamelala, nahodha amelala, mwenye meli yuko bara jingine. Kuna njia rahisi ya kufanya kazi hiyo: kukaa kwenye kiti chenye feni, kuangalia namba za saa iliyopita, na kuziandika tena, ukibadilisha moja au mbili ili zisifanane mno. Watu wa melini wanaujua mchezo huo, nao huwaonya vijana dhidi yake mapema kuliko wanavyowafundisha mambo mengi ya mitambo. Ukiandika nyuzi ambazo hukuzisoma, karatasi itakuwa safi na injini itaendelea kuzunguka, pengine kwa miezi. Nani atajua?

Hapa ndipo ninapodhani kijana wa Meru anafika akiwa na kitu mkononi. Miteremko ya mlima huu, kwa vizazi, imelimwa kwa mifereji. Maji hutolewa mtoni juu kabisa, karibu na msitu, yakaongozwa kwenye mkondo uliochimbwa kwa jembe, yakapita shamba la huyu na la yule, kwenye migomba, kahawa, mahindi na mboga, hadi nyumba ya mwisho huko chini ambako udongo unaanza kuwa mkavu. Mfereji hauna mita wala koki ya kufungia. Unaendeshwa kwa zamu. Kikao kinapanga: Jumanne usiku ni kwa fulani, alfajiri ni kwa mwingine. Siku ya msaragambo kila mji unatoa mtu na jembe kuzibua tope, na asiyetokea hutozwa faini au hulaumiwa mbele ya wazee. Mwenye zamu ya usiku hutoka na tochi na jembe begani, akapanda kufuata mkondo kuangalia kama banio limezibwa, kama kuna tawi lililoanguka, kama kuna jirani aliyefungulia maji kwenye shamba lake wakati si zamu yake. Muda wake ukiisha, hata kama mahindi yake hayajashiba, anafunga na kuyaachia maji yaende.

Mtoto anayetumwa na babu yake kwenda kuangalia banio saa tisa usiku hafundishwi uhandisi wa meli. Lakini anafundishwa kwamba kuna mtu chini yake anayemtegemea na asiyemwona, na kwamba giza halibadilishi zamu ya mtu. Wizi wa maji ya mfereji, kwa wale waliolelewa huko, ulihesabiwa kuwa aibu ya pekee kwa sababu ulikuwa rahisi mno. Mwizi wa ng'ombe angalau alihitaji ujasiri. Mwizi wa maji alihitaji tu kusogeza gogo la mgomba na kurudi kulala. Ndiyo maana wazee waliupima utu wa mtu hapo. Na ndiyo maana nasema swali la bibi lina jibu ndani ya shamba lake mwenyewe.

Baharini pia kuna maji ya kusogeza gizani. Chini kabisa ya meli, kwenye ngama, hukusanyika maji yaliyochanganyika na mafuta yanayovuja taratibu kutoka kwenye mashine. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaosababishwa na meli, MARPOL, uliopitishwa mwaka 1973 na kuongezewa itifaki mwaka 1978, unataka maji hayo yapitishwe kwenye mtambo wa kuchuja, na yasimwagwe ikiwa kiasi cha mafuta kinazidi sehemu 15 katika milioni. Kila hatua huandikwa kwenye Kitabu cha Kumbukumbu za Mafuta na kutiwa saini na mhandisi aliyehusika. Kuchuja huko kunachukua muda, vichujio vina gharama, mtambo wenyewe una tabia ya kuziba. Kwa hiyo kumekuwa na meli ambazo wahandisi wake walifunga bomba la siri la kukwepa mtambo, wakamwaga uchafu moja kwa moja usiku, kisha wakajaza kitabu kana kwamba sheria imefuatwa. Mahakama za Marekani zimetoza kampuni za meli mamilioni ya dola kwa makosa hayo na kuwafunga baadhi ya wahandisi, na mara nyingi waliotoa siri walikuwa mabaharia wa vyeo vya chini, vijana ambao dhamiri yao ilikataa kunyamaza. Ninawaheshimu sana hao. Walikuwa mbali na kwao, mkate wao umeshikwa na mkubwa wao, na bado walimkumbuka mvuvi wa pwani wasiyoijua.

Mafuta yale yakimwagwa, mawimbi yanayatawanya, na kufika asubuhi hakuna alama. Tuseme wazi kwamba kosa la aina hii halimtishi mtu kwa adhabu, kwa sababu uwezekano wa kukamatwa ni mdogo. Anayejizuia ni mtu ambaye ndani yake tayari kuna kizuizi. Chuo kinaweza kufundisha jinsi mtambo unavyofanya kazi, na mtihani unaweza kupima kama mwanafunzi ameelewa. Kizuizi kile kinapimwa na mtihani gani?

Nimekuwa nikifikiria pia juu ya waya mmoja. Usiku wa manane wa tarehe 26 Machi 2024, meli ya makontena iitwayo Dali, yenye urefu unaokaribia mita 300, ilikuwa ikitoka bandari ya Baltimore, Marekani. Ilizimika umeme, ikawaka, ikazimika tena, ikakosa mwelekeo na kugonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Daraja lilianguka. Wanaume 6 waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara juu yake walikufa. Walikuwa wahamiaji, watu wa kazi ya usiku kama hao wa chini ya sitaha. Novemba 2025 bodi ya uchunguzi ya nchi hiyo ilieleza kwamba mwanzo wa yote ulikuwa waya uliolegea kwenye mfumo wa umeme. Kipande kidogo cha lebo, kile chenye namba ya kuutambulisha waya, kilikaa mahali pabaya kikazuia ncha yake isiingie sawasawa kwenye kishikizo. Ndani ya meli kuna maelfu ya nyaya za namna hiyo. Yule aliyeufunga huenda alikuwa na haraka, huenda aliamini umekaa, na wote waliopita baada yake hawakuuvuta kuona kama umeshika. Hatuna haja ya kumtafuta ili tumhukumu. Inatosha kujua kwamba kuuvuta waya ule kungechukua sekunde moja.

Na tunayo hadithi ya upande wa pili, iliyotokea kwetu. Meli iliyokuja kuitwa MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa kwa reli hadi Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda kilichoijenga walikuja kuiunga upya, wakiongozwa na Anton Rüter, pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika ambao majina yao hakuna aliyejali kuyaandika. Iliteremshwa Ziwa Tanganyika Februari 1915, ikiwa chombo cha vita cha wakoloni. Mwaka mmoja na nusu baadaye vita ikawaelemea, amri ikatoka meli izamishwe isije ikaangukia mikononi mwa adui. Mafundi wale walitii tarehe 26 Julai 1916. Lakini kabla ya kuiachia maji yaingie, waliipaka injini grisi nzito, kila sehemu yenye kuweza kushika kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, wakakuta mitambo yake bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilibeba dagaa, mahindi, wakimbizi na wanafunzi kati ya Kigoma na Mpulungu.

Sifa ya ukoloni haimo katika hadithi hii, na sikusudii kuitia. Wale mafundi walitumaini kwamba upande wao ungerudi. Haukurudi. Lakini kuna jambo la ufundi linalozidi nia ya bwana aliyewatuma: walipewa amri ya kuharibu, nao walishindwa kuharibu kabisa kile walichokiunda. Mikono yao ilikataa. Kinamama wa Kirando na Kipili waliopanda meli hiyo na magunia yao baada ya uhuru walinufaika na grisi iliyopakwa na watu waliokwisha kufa, katika vita isiyowahusu. Ni wangapi kati yetu wanaofanya kazi kwa namna ambayo mtu wa miaka 60 ijayo atakuta bado inafaa?

Swali hilo linaiuma Arusha ya leo zaidi ya tunavyopenda kukiri. Hili ni jiji lililoonja pesa ya haraka. Jiwe moja la tanzanaiti limewahi kubadilisha maisha ya mtu kati ya asubuhi na jioni, na bahashishi ya mgeni mmoja inaweza kuzidi mshahara wa mwezi wa mwalimu. Silaumu mtu kupata. Lakini vijana wetu wamekua wakiona kwamba anayeheshimiwa ni anayeonekana, mwenye gari refu na simu mbili mezani, na kwamba mwenye oili kwenye kucha ni mtu aliyekosa bahati. Mzazi anafurahi mwanawe kuitwa injinia, mradi tu asichafuke. Ukimwambia kwamba injinia wa meli huanza kwa kusugua mabamba ya sakafu, kusafisha vichujio na kutambaa ndani ya tangi kwa tochi, anahisi ametukanwa.

Siku moja pale Unga Limited nilimkuta fundi wa makamo, mtu wa injini za dizeli, amemsimamisha kijana kando ya injini ya lori iliyokuwa ikiunguruma. Alimpa bisibisi ndefu, akamwelekeza aweke ncha kwenye chuma na mpini sikioni.

"Unasikia nini?"

"Nasikia kelele tu, mzee."

"Kelele ziko nyingi, mwanangu. Zitenganishe. Sikiliza moja, iache, sikiliza nyingine."

Kijana alisimama hapo muda mrefu, macho ameyafumba, akahamisha bisibisi inchi kadhaa, akasikiliza tena. Fundi hakumharakisha wala hakumwambia jibu. Wahandisi wa meli, pamoja na kompyuta zote na vipima mtetemo walivyo navyo sasa, bado hutumia njia hiyohiyo, na nadhani wale waliofunzwa na watu wa subira kama huyu wanaanza wakiwa mbele. Tunavyo vyuo, na vina heshima yake: Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, na wengi waliopita hapo wanajua chuma. Ila heshima ya mkono uliochafuka haitolewi na chuo. Inatoka nyumbani, mezani, kwa namna baba anavyomsalimia fundi mbele ya watoto.

Kuna hofu pia, na hofu hiyo isidharauliwe. Mama anayekataa mwanawe asiende melini anakumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuondoka na mamia ya watu. Anakumbuka Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichotengenezwa kubeba watu wapatao 100 kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 220. "Nchi kavu ukianguka unashika hata mti," mama mmoja wa Moshono aliniambia. "Majini utashika nini?" Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Ninachoweza kusema ni kwamba katika msiba ule wa Ukara, siku mbili baada ya kivuko kupinduka, wakati kila mtu alikuwa amekata tamaa, wazamiaji walimtoa mtu akiwa hai kutoka ndani ya chombo, alipokuwa amebaki kwenye nafasi yenye hewa. Alikuwa mhandisi wa kivuko. Nchi nzima ilimshangilia, kwa haki. Lakini furaha ya namna hiyo ina maumivu ndani yake, kwa sababu chombo kile kilipakiwa kupita uwezo wake mchana, mbele ya macho ya watu. Waliojua hatari walikuwepo. Mtu wa chumba cha injini anaweza kuwa mwaminifu kwa kila geji na bado akazamishwa na tamaa ya walio juu ya sitaha, na hatuwezi kumtaka kijana wetu abebe peke yake uadilifu ambao wengine wote wameutua.

Na mabinti je? Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2021 kuhusu nguvu kazi ya meli ilikadiria mabaharia kuwa karibu milioni 1.9, na kati ya kila 100 walio na vyeti, mwanamke alikuwa mmoja tu na ushei. Kwenye mifereji ya Meru nimewaona wanawake wakipanda usiku na jembe, mtoto mgongoni, kuifuata zamu yao ya maji. Sijasikia mtu akisema kazi hiyo ni nzito mno kwao.

Mwaka 1978, huohuo ambao Chuo cha Ufundi kilifunguliwa hapa kwetu, mataifa yalikutana London na kupitisha mkataba wa STCW unaoweka viwango vya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia. Na Dar es Salaam kikaanza kituo cha mafunzo ya bahari ambacho mwaka 1991 kilipewa sheria yake na Bunge, kikawa Chuo cha Bahari. Mkataba ule, uliofanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010, una hekima ambayo fundi wa Unga Limited angeikubali bila kuisoma. Unakataa kumkabidhi mtu zamu kwa sababu amefaulu darasani. Unataka mafunzo ya karakana na ya melini yasiyopungua miezi 12, na katika hiyo angalau miezi 6 awe ameshika zamu ya chumba cha injini chini ya macho ya mhandisi mwenye sifa, kila kazi aliyoifanya ikiandikwa kwenye kitabu chake na kutiwa saini na aliyemwona akiifanya. Kuanzia hapo ni miaka mingine ya kupanda ngazi, mhandisi wa pili, hadi mhandisi mkuu. Hakuna njia ya mkato, na ni vizuri isiwepo.

Tatizo letu liko hapo hasa. Kijana wa Tanzania anaweza kumaliza masomo akiwa na alama nzuri, akarudi Arusha na bahasha ya vyeti, akakaa. Hana muda wa bahari, na bila muda wa bahari hana leseni, na bila leseni hakuna meli itakayompokea. Barua zinaandikwa, simu hazipokelewi. Wengine huishia kuendesha bodaboda Kijenge, elimu yao ikichakaa kichwani, mpaka wanaacha kuwaambia watu walichosomea. Wenye meli wana hoja zao: kadeti, yaani kijana anayejifunza melini, analala kwenye kitanda, anakula, anahitaji mtu wa kumwangalia, na anaweza kuharibu kitu. Ni kweli. Lakini kila mhandisi mkuu aliye kazini leo aliwahi kulala kwenye kitanda hicho, akala chakula hicho na kuharibu kitu, na kuna mtu aliyevumilia. Fundi wa gereji asiye na mtaji wowote anapokea vijana watatu na kuwagawia chai yake. Kampuni yenye meli ya kubeba mamia ya watu inashindwaje kupokea mmoja?

Tunajenga meli mpya na kufufua za zamani. Mwanza imeunda meli ya kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, MV Victoria imerudishwa ziwani, na vivuko vya kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja vimejaa kila siku. Kila chombo kati ya hivyo kina chumba cha injini, na kila chumba cha injini kina nafasi ya kijana mmoja wa kujifunza. Serikali, kupitia shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, ina uwezo wa kulifanya jambo hilo kuwa sharti la leseni ya chombo. Tunaiomba ifanye hivyo. Na wenye meli tunawaomba wasisubiri kulazimishwa: pokeeni kadeti mmoja kwa kila chombo, mwaka huu, na mmpe mhandisi wenu mzoefu muda wa kumfundisha.